Kombi Yangu Yenye Kitanda

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kutoka Suneka mpaka Nyamira hakuna mtu wa kufananishwa nami. Sisemi mimi, wanasema watu. Wakubwa wako wengi: machifu, mapadri, wenye maduka ya ghorofa. Lakini mwenye gari lenye kitanda ndani, jiko la gesi, sinki na pazia za maua ni mmoja tu. Obadiah. Yaani mimi.

Kombi hii aliniachia Piet, Mholanzi aliyekuwa akinunua sanamu za mawe kule Tabaka. Nilikuwa mkalimani wake. Yeye anasema Kiingereza, mimi nasema Kiswahili, wachongaji wanasema Ekegusii, na kila mtu anaondoka amefurahi. Shule niliacha darasa la tano kwa sababu mwalimu hakuwa na kitu kingine cha kunifundisha. Piet alipozeeka akataka kurudi kwao kwa ndege, akaniambia, Obadiah, chukua gari. Nilikuwa nimeshachukua kabla hajafunga mdomo. Mungu ambariki huko kwao kwenye baridi.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi Nyanchera anaolewa Nyamira. Ni binti wa dada yangu. Aliyemlea ni mama yangu mzazi, ambaye tangu avunjike nyonga hawezi kukaa kitini. Analala tu, na kutoa amri akiwa amelala. Nyanchera amesema mbele ya wazee wote kwamba bibi yake asipofika kanisani, yeye shela havai. Arusi hakuna. Ndipo mtu akauliza, nani hapa ana gari lenye kitanda?

Nikakohoa.

Thadeus alikunja uso kama aliyeuma limau. Huyu ni baba mdogo wa Nyanchera, mwenye pikapu ya kubebea ndizi. Akasema yeye anaweza kumbeba bibi nyuma ya pikapu, juu ya godoro. Dada yangu akamuuliza kama ameona mama yetu anafanana na mkungu wa ndizi. Nilicheka mpaka nikaletewa maji.

Mchana nikapeleka Kombi mjini Kisii ionekane kidogo. Wakati wa kurudi, karibu na Suneka, ikakohoa. Ikasitasita. Ikazimika! Na barabara ni tambarare! Nikashuka, nikafungua kifuniko cha tangi nichungulie petroli. Tangi likatoa sauti, fyuuu, kama mtu anayeshusha pumzi kwa woga. Petroli ilikuwepo tele. Nikafunga. Nikaipiga Kombi makofi ubavuni na kuikemea kwa Ekegusii, lugha ambayo hata fahali anaielewa. Nikawasha. Ikawaka mara moja. Watu wangapi wana sauti kama hiyo?

Niandike pia juu ya hicho kifuniko. Kile cha zamani kilipotezwa na watu wa kituo cha petroli. Mimi nilikiweka tu juu ya paa nikaondoka. Basi Cleophas, mchongaji wa Tabaka, akanichongea kingine cha jiwe la rangi ya waridi. Juu kina kichwa cha chui, na chini ya chui pameandikwa OBADIAH. Ndani tumekivisha mpira wa tyubu ya baiskeli, kinabana tangi sawasawa, hata hewa haipiti. Wafalme wa Ulaya hawana kifuniko kama hicho. Namshukuru Mungu kwa mikono ya Cleophas na kwa akili yangu.

Jumanne, 6 Agosti 1996

Imezimika tena. Safari hii mbele ya soko, watu wakiangalia. Nikafungua tangi, fyuuu, nikakemea, ikawaka. Lakini sasa nimeamua kuchunguza kitaalamu.

Gari likizimika lenyewe, ni joto. Joto ni maji. Maji ni rejeta. Nikaenda mbele kutafuta rejeta. Hakuna! Nikaenda nyuma kwenye injini. Hakuna! Nikalala chini nikatazama tumbo lote. Hakuna rejeta popote! Nimeibiwa!

Na nani hapa kwetu anahitaji rejeta? Mwenye pikapu inayochemka kila mlima. Sikutaja jina. Nilienda tu kwa naibu wa chifu nikamwambia twende kwa Thadeus.

Naibu wa chifu akaja na askari. Thadeus akafungua boneti. Rejeta hiyo hapo! Nikasema ndiyo yenyewe, naijua sura yake. Naibu wa chifu akaniuliza kwa upole ilikuwa inakaa wapi kwenye Kombi. Nikasema mbele, zinapokaa rejeta zote. Tukaenda tukafungua mbele. Kuna tairi ya akiba.

Thadeus akakaa chini kwenye nyasi. Hakuweza kusimama kwa kucheka. Akasema shemeji, hiyo gari tangu izaliwe haijawahi kuwa na rejeta, injini yake inapozwa na upepo. Nikamwambia najua, nilikuwa nampima tu. Hakusikia. Alikuwa anajifuta machozi.

Kufika jioni Suneka nzima inaniuliza kama nimeipata rejeta. Mwanamke mmoja muuza mboga, ambaye hata hanifahamu vizuri, amenishauri niangalie chini ya kitanda.

Hata hivyo namshukuru naibu wa chifu. Hakuandika chochote.

Jumatano, 7 Agosti 1996

Nimeipeleka Kombi kwa Haron, fundi mwenye gereji nyuma ya soko la Kisii. Familia yake ni Waislamu wa mjini wa zamani, watu wa heshima, na yeye mwenyewe hana haraka. Njiani Kombi ilizimika. Kwa Haron ikanguruma tu kama paka aliyeshiba.

Haron alifungua kifuniko akanusa petroli, isije ikawa nimeuziwa maji. Akasifu yule chui. Akakirudisha akasema tuzunguke. Tukazunguka mji wote: tukapanda, tukashuka, tukapita msikitini, tukapita stendi. Haikuzimika. Tukarudi, akafungua tena kunusa, tukazunguka tena. Wapi! Nilianza kuiomba izimike. Nimewahi kuomba mvua, nimewahi kuomba mtoto wa kiume, lakini sikuwahi kuomba kuharibikiwa.

Haron akasema gari hili ni kama mama mkwe wake. Nyumbani anaumwa kila mahali, mbele ya daktari anacheza. Akaniambia Mzee Obadiah, niletee likiwa limezimika. Nikamuuliza nitalileta vipi likiwa limezimika. Akafikiri. Akafikiri sana. Akasema hapo ndipo penye kazi.

Aliangalia nyaya zote, akasafisha kabureta, akanipa chai na mahamri. Hakutaka malipo kwa sababu, alivyosema, hawezi kumtibu mgonjwa aliyekataa kuumwa. Namshukuru. Mahamri yalikuwa ya moto.

Kurudi nyumbani, imezimika kabla sijaona Suneka.

Mama yangu ametuma mtu kuuliza kama gari ni zima. Nimejibu kwamba liko imara kama mimi. Ametuma tena kuuliza kama hiyo ni ndiyo au hapana.

Alhamisi, 8 Agosti 1996

Chandulal ana duka la vipuri mjini tangu enzi za baba yake. Mtu mnene, mcheshi, anayeijua kila nati kwa jina. Nikamweleza shida. Akasema plagi. Tukaweka plagi mpya. Akasema sasa anataka kuhakikisha mwenyewe, ila nilimwona anavyokitazama kile kitanda kwa pembe ya jicho.

Akapanda. Akalala. Akafunga pazia. Kabla hatujatoka mjini alikuwa anakoroma kwa nguvu hata nikadhani ni gia. Tukaenda, mimi nikiwa dereva wa Mhindi aliyelala, watu wakinipungia mkono. Njia ya Suneka, ikazimika. Chandulal hakuzimika. Ilibidi nimtikise mguu.

Akaamka akasema ni koili. Nikauliza amejuaje akiwa usingizini. Akasema Obadiah bwana, si plagi, kwa hiyo koili. Nikafungua tangi, fyuuu, nikakemea, tukarudi, akaniwekea koili. Kusum, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni mwa duka na wateja wamejaa. Alimuuliza mumewe kama siku hizi vipuri vinauzwa vikiwa kitandani. Chandulal akanionyesha mimi kwa kidole. Mimi nikaonyesha koili.

Ameniambia nijaribu hivyo vitu mpaka arusi ipite, visipofaa nivirudishe. Ni mtu mwema sana. Nimemwachia mkungu wa ndizi, na yeye akaniomba, kwa sauti ya chini, kama naweza kupita tena wiki ijayo mchana baada ya chakula.

Koili haikufaa.

Jioni Nyanchera alikuja. Hakukaa. Akasema, mjomba, niambie ukweli, kama haitafika nimwambie bibi mapema, asijipake mafuta bure. Nikamwambia mtoto wangu, mimi nimewahi kuvuka mto Kuja uliofurika, nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja na mamba kwa mkono wa pili. Akanitazama. Akasema, basi mjomba, ila Jumamosi tumia mikono yote miwili.

Ana macho ya mama yangu kabisa. Sikupata usingizi vizuri.

Ijumaa, 9 Agosti 1996

Nimegundua! Nimegundua ugonjwa na dawa!

Fikiri. Kila inapozimika, naikemea, inawaka. Kwa hiyo ugonjwa si wa chuma. Ugonjwa ni wa adabu. Kombi hii ilizoea Mzungu mpole. Basi kwa nini ningoje izimike ndipo niikemee? Niikemee kwanza!

Asubuhi nikaisimamia uani nikaisomea yote. Nikaitajia ukoo wangu, babu zangu, vita walivyopigana na ng'ombe waliowateka. Majirani walitoka nje kusikiliza. Kisha nikaondoka kwenda Nyamira kwa majaribio.

Nyasae, Mungu wangu! Ilikwenda! Nikapita Kisii, nikapanda milima yote, nikafika mpaka mlangoni mwa kanisa, nikageuza, nikarudi mpaka nyumbani. Haikukohoa hata mara moja. Niliimba njia nzima. Nilipopita kwa Thadeus nilipiga honi mpaka kuku wakaruka ukuta.

Mke wangu, Mama Angwenyi, hakushangaa inavyostahili. Alikuwa na hasira kwa sababu niliondoka bila kungoja. Alikuwa amechukua kifuniko changu cha jiwe kukisugua kwa mafuta king'ae kwa ajili ya arusi, na pale kwenye tangi alikuwa ameziba kwa gunzi la mahindi. Yaani nimeenda Nyamira na kurudi nikiwa na gunzi! Aibu iliyoje kama mtu ameona. Nimelitupa gunzi kwa ng'ombe na kurudisha chui wangu mahali pake. Anang'aa kama yai.

Halafu nikapamba. Utepe mweupe, utepe wa waridi, maua kutoka uani kwa padri. Nimemzungushia chui utepe na kuufunga mafundo mengi, hata upepo wa milima ya Manga hauwezi kumtoa.

Asante Mungu kwa kunipa ulimi.

Jumamosi, 10 Agosti 1996

Niandike polepole.

Tuliondoka jua likiwa bado changa. Mama yangu kitandani, amepakwa mafuta, amefungwa kitambaa kipya kichwani. Dada yangu na Mama Angwenyi kando yake. Nyanchera mbele pamoja nami, shela imejaa mpaka kwenye gia. Nilikuwa nimeikemea Kombi tangu alfajiri, sauti ilikuwa imebaki nusu. Nyuma yetu, mbali kidogo, Thadeus na pikapu yake. Na kwenye pikapu, godoro. Sikupenda lile godoro.

Tulipita Kisii vizuri. Tukaanza kupanda njia ya Nyamira. Katikati ya mlima, ikakohoa.

Ikasitasita.

Ikazimika.

Nikashuka nikaikemea. Kimya. Nikaikemea kwa sauti iliyobaki. Kimya! Safari hii sikufungua tangi, chui alikuwa amefungwa mafundo na sikutaka kuharibu mapambo. Nikaipiga makofi. Nikaiomba. Nikaiambia samahani. Betri ikaanza kuchoka.

Na leo ni Jumamosi! Kisii nzima iko kanisani! Gereji za njiani zimefungwa. Wapita njia wote ni Wasabato wamevaa vizuri, wameshika Biblia. Kikundi kikasimama, wakatupa pole nyingi. Nikaomba watusukume. Wakatazamana. Mzee wao akasema leo ni siku ya kupumzika. Mwingine akasema imeandikwa kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato anatolewa. Wa tatu akauliza kama Kombi ni ng'ombe. Wakaanza kujadili. Waliijadili vizuri, kwa mistari, hata mimi nikavutiwa, mpaka mama yangu akapaza sauti kutoka ndani kwamba yeye ndiye ng'ombe na hili ndilo shimo. Wakaweka Biblia juu ya majani ya chai ya shamba la kando ya barabara wakasukuma, makoti na vyote. Mungu awalipe. Kombi ilipanda hatua chache, ikapiga chafya, ikakataa.

Thadeus akafika. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Akasema shemeji, padri ana arusi nyingine baada ya yetu, na wingu lile linakuja. Tumhamishe bibi kwenye godoro. Wote tukatazama wingu. Nyanchera akasema bibi hatanyeshewa mvua kwa ajili yake, afadhali warudi nyumbani wote. Akaanza kuvua glavu. Mtoto yule hakulia. Alikuwa anavua glavu tu, kidole kimoja kimoja.

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na Kombi.

Ndipo mama yangu akaita. Obadiah! Wewe Obadiah! Mbona gari lako linanyonya?

Nikadhani ni umri. Akasema hapana, yeye amelala hapa sikio limeegemea huku nyuma, na tangu Kisii anasikia kitu chini yake kinavuta, kinavuta, kama mtoto anayenyonya ziwa lililokauka. Na kabla ya kuzimika bati lilibonyea, kwaa! kama debe. Akauliza huko chini kuna nini. Nikasema tangi la petroli. Akauliza limefunikwa na nini. Nikamweleza habari za chui, jiwe la Tabaka na mpira wa baiskeli. Hata hewa haipiti, mama.

Halafu akasema, ndiyo baba yako hasa. Zamani, alisema, wazee walipokunywa pombe kwa mirija kutoka chungu kimoja, marehemu baba yangu kwa uchoyo alikifunika chungu chake kwa ngozi akaibana kwa udongo, ikabaki mirija tu inatokeza. Wageni wakavuta mpaka mashavu yakagusana ndani. Haikuja hata tone! Kitu kikivutwa chini, akasema, lazima juu kivute pumzi. Gari lako umelikaba koo.

Mama Angwenyi akapiga kelele: gunzi! Jana ulienda na gunzi!

Watu wote wakanitazama. Wasabato pia. Nikasema hilo ndilo nilikuwa karibu kulisema.

Nyanchera hakungoja. Alishuka na shela yake, akararua utepe, akamshika chui masikio, akamzungusha. FYUUUU! Ndefu! Wasabato wakarudi nyuma, mmoja akasema amina. Akamtupa chui kwenye majani ya chai, akakunja glavu yake moja akaiziba nayo tangi. Nikaruka kwenye usukani. Stata ikalia kwa shida, mara moja, mara mbili.

Ikawaka!

Nilipanda mlima ule kama mwewe. Tulifika kanisani padri akiwa anatazama saa. Kitanda cha Kombi hakitoki, kwa hiyo tukamtandikia mama lile godoro la Thadeus. Thadeus akashika upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, tukamwingiza hadi mbele kabisa. Alilala pale kama malkia. Padri aliposoma jina la ukoo vibaya, alimsahihisha. Nyanchera akaolewa na glavu moja. Alipoulizwa nyingine iko wapi akasema inaendesha gari.

Mama yangu aliona yote. Aliona pete. Aliniambia nimwinue kichwa aone vizuri, nikamwinua. Kichwa chake ni chepesi sana siku hizi.

Asante Mungu. Asante mama. Asante Wasabato. Asante hata godoro.

Jumapili, 11 Agosti 1996

Siku ya shukrani. Nimepita kwa kila mtu.

Nilianza kwa Thadeus. Nikamwambia godoro lake lilifaa kiasi. Akanikaribisha chai na mayai. Hakutaja rejeta mpaka nilipokuwa naondoka.

Nikaenda kwa Haron, yeye Jumapili anafungua. Nilipomweleza alijipiga paji la uso, akacheka, akajipiga tena. Akasema kila mara alikuwa anafungua mwenyewe kunusa, yaani alikuwa anamtibu mgonjwa bila kujua. Akasema kifuniko cha tangi lazima kiwe na tundu dogo la kupitisha hewa. Akatafuta kwenye mabati yake akanipa kimoja cha chuma, chakavu lakini kizima, na tundu lake. Zawadi. Nimemshukuru sana. Nimekiweka kwenye sinki la Kombi.

Chandulal nimemrudishia plagi na koili. Alisikitika, si kwa ajili ya koili. Nikampa usingizi kidogo ndani ya Kombi, Kusum alikuwa hekaluni.

Mama yangu amelala vizuri. Anasimulia kila anayekuja jinsi alivyotengeneza gari. Mimi pia nasimulia. Katika simulizi yangu, aliyegundua kwanza ni mimi, ila nilimwachia aseme kwa heshima ya uzee. Watu wanasikiliza hadithi zote mbili wanakwenda nyumbani.

Jumatano, 14 Agosti 1996

Nimetoka Tabaka.

Nilifikiri sana. Mtu kama mimi hawezi kutembea na kipande cha bati chenye tundu. Tundu! Mvua ya Kisii ikiingia je? Petroli ikishikwa na baridi je? Na mlima ule, nimeshaelewa, shida haikuwa kifuniko. Shida ilikuwa utepe. Utepe ulimbana chui, chui akabana tangi. Na rangi ya waridi ni ya kike, Kombi ilidharau.

Basi Cleophas amenichongea kingine cha jiwe jeupe, kikubwa mara mbili. Chui mzima, si kichwa tu. OBADIAH kwa herufi nene. Mpira wa tyubu mara mbili. Cleophas, naye amesikia habari, alitaka kumtoboa chui pua hadi ndani. Nikamzuia. Nikamwambia sitembei na chui mwenye mafua. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa, lakini alichonga vizuri. Namshukuru.

Sasa hivi Kombi imesimama kidogo karibu na Suneka. Inapumzika. Nimeikemea kwa Ekegusii, kwa Kiswahili, na kwa lile neno ambalo Piet alikuwa akisema akijigonga kidole. Kufungua kifuniko nimejaribu. Mpira mara mbili unashika kweli! Hakizunguki hata kidogo. Ushahidi wa kazi nzuri.

Kile cha Haron kimebaki nyumbani kwenye sahani, Mama Angwenyi alikuwa anaosha sinki.

Pikapu ya Thadeus ilitokea kwa mbali barabarani. Nilifunga pazia.

Amesimama. Amechungulia. Ameita shemeji, shemeji. Amezunguka akamwona chui. Sasa anafunga kamba. Amemwambia mpakiaji wake aje ashike usukani, ufunguo upo. Mpakiaji amekaa pale mbele na anapiga mluzi.

Tunatembea. Tunavutwa na pikapu ya ndizi, polepole, bila kunitikisa. Tunaingia sokoni. Nasikia yule mwanamke wa mboga anauliza Obadiah mwenyewe yuko wapi. Thadeus anamjibu kwamba Mzee amekwenda kutafuta fundi, maskini, jua lote hili, na yeye kama shemeji ameona amsaidie kulifikisha gari nyumbani.

Thadeus ni mtu mzuri. Namshukuru kwa moyo wangu wote. Ila sitamwambia, wala sitamwambia mtu yeyote, kwamba maneno haya nimeyaandika nikiwa chini ya kitanda.